Kaske Niliyokataa Kuishona

Vijana wa karakana,

Mmenisumbua niwaandikie historia ya kazi yetu. Historia waachieni walimu. Mimi nitaandika ninayoyakumbuka, kwa sababu tangu nistaafu mikono hii haijui pa kwenda, na binti yangu Riziki amechoka kunikuta nimefumua mito ya viti vyake kuangalia ilivyoshonwa. Habari za vyeo mtanisamehe. Nilipoingia nilikuwa fundi, nilipotoka nilikuwa fundi, kilichoongezeka ni miwani. Nitawaeleza jinsi tulivyoanza kushona kofia za ndondi, zile ambazo sisi watu wa Kongo tunaziita kaske, na jinsi nilivyokataa kumshonea bondia mmoja aliyenipenda kama mama yake.

Kule Uvira nilikuwa nashona magauni na sare za kwaya. Vita vilipotufukuza, katikati ya miaka ile ya tisini, nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nikiwa na mkasi na mtoto, na kati ya hao wawili mkasi ndio pekee ambao haukulia njiani. Kambini nilikuta washonaji wengi kuliko nguo. Nikaenda kwa Mzee Sylvère, fundi viatu, Mrundi wa Rumonge, nikamwomba nafasi kwenye benchi lake. Siku ya kwanza alinipa msharasi, ile sindano ya mpini ya kutobolea ngozi, pamoja na kipande cha tairi, akasema nitoboe. Nilitoboa kidole. Aliitazama damu kidogo, kisha akasema, "Sasa unajua iko mukali," akaendelea na kiatu chake.

Hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini karibu kila ninachokijua kilitoka kwake. Alinifundisha mshono wa nyuzi mbili zinazopishana katika tundu moja, ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Alinifundisha kupaka gundi pande zote mbili, kusubiri mpaka isishike kidole, kisha kugandisha mara moja bila kujirudi. Aliniambia pia nisimwamini mteja anayesema "fanya yoyote tu," kwa maana huyo ndiye atakayerudi kulalamika. Hilo nadhani mmeshalijua.

Désiré alikuja benchini kwetu akiwa ameshika kofia iliyopasuka. Alikuwa Mrundi, kijana mwenye mke na watoto wadogo, mrefu, mcheshi, anayesalimia hadi kuku. Siku za kazi alipakua mahindi kwenye maghala ya Mponela, na Jumamosi alidandia lori hadi Lilongwe, kwenye klabu moja ya ndondi ya Nsungwi, kule Area 25. Mzee Sylvère aliipindua ile kofia mara moja akanirushia. "Hii ni nguo ya kichwa," alisema. "We njo unajua nguo." Yaani mimi ndiye ninayejua nguo.

Nilipoifungua nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ndani mlikuwa na pamba ya zamani iliyoganda kwa jasho ikawa vinundu vigumu, na penye panja, hapo kati ya jicho na sikio, hapakuwa na kitu kabisa isipokuwa kitambaa. Nilishona upya, nikamrudishia. Kesho yake mkewe akaja. Aliitwa Spès, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kusema polepole.

"Mama Riziki, mi nimekuja juu ya Désiré. Akitoka Lilongwe, analala muchana na nguo ku macho. Hataki batoto bapige kelele. Kichwa iko inamuluma, na hasemi."

"Umemwambia aache?"

"Nimwambie aache? Barundi bote ba hapa banamuita shampioni yetu. Akipita, bantu banasimama. We mufanyie tu kaske yenye ngumi haiingie. Mi naomba hiyo tu."

Nilimwambia nitamfanyia. Sikuwa nimemwona bondia hata mmoja akipigana, lakini nilikuwa na ile hakika ya fundi ambaye kazi yake haijapigwa bado. Nilimhurumia sana Spès. Nilijua maana ya kumsubiri mtu arudi akiwa mzima.

Basi tukaanza majaribio, mimi na Mzee Sylvère, ambaye alisema hana muda wa upuuzi huo na akakaa nami siku zote. Tulichukua kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya mche, ambayo ikiwa mpya huwa laini. Juu yake tuliweka kitu cha kujaribu, kisha ngozi. Yeye alifunga nyundo kwa kamba kwenye boriti, tukawa tunaiachia kutoka kimo kilekile, halafu tunafunua kutazama shimo kwenye sabuni. Sponji ya godoro ililala chini kabisa, na shimo likawa karibu sawa na la sabuni iliyo wazi. Pamba ilikuwa mbaya zaidi. Mpira wa tairi ulionekana shujaa, lakini ulipitisha pigo zima kama ulivyolipokea. Kilichotushangaza ni soli ya kandambili. Ukiikata vipande ukavipanga upande wa nje, ukaweka sponji laini upande wa kichwa, sabuni ilibaki na kidimbwi kidogo tu. Nyumbani kwangu tulifua kwa sabuni zenye mashimo mpaka majirani wakauliza, na watu wakaanza kuingiza kandambili zao ndani wakiniona napita.

Kofia ya kwanza nilipanda nayo lori mwenyewe hadi Nsungwi. Klabu ilikuwa kwenye ukumbi wa matofali, sakafu imefunikwa magunia, na mfuko wa kupigia ulikuwa gunia la pumba. Kocha Mbewe alikuwa Mmalawi aliyefanya kazi Mbeya miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila alikisema kana kwamba sisi sote tuko ng'ambo ya mto. Aliibonyeza kofia, akaigonga kwa ngumi, akafurahi. "Zikomo, asante, mama! Ila mashavuni ongeza. Weka nyama! Mtu ajisikie yuko chumbani kwake!"

Nikaongeza nyama. Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye benchi la ukutani, nikaona kwa macho yangu jambo lililoniudhi. Désiré alikuwa anapigwa kutoka pembeni na bondia ambaye kila mtu alisema ni mzito wa mikono. Ngumi ilikuwa inakuja taratibu, mimi mama wa kushona magauni ninaiona, yeye haioni. Walipopumzika niliichukua ile kofia nikaivaa juu ya kilemba changu. Mabondia walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikamwambia Désiré aulete mkono wake polepole kutoka upande wa kulia. Sikuuona mpaka uliponigusa sikio.

"Kocha," nikasema, "hii nyama uliyoitaka inaficha ngumi."

"Inaficha uso, mama! Ndiyo kazi yake!"

"Uso umefichwa, ndiyo. Na macho nayo yamefichwa. Vaa mwenyewe."

Hakutaka kuvaa mbele ya vijana wake. Tukabishana mpaka nsima, ugali wa huko, ikaletwa mchana, na alipokwisha kula akavaa, kwa shingo upande, akasimama katikati ya magunia huku vijana wakimjia kutoka pembeni. Aliivua akanirudishia. Nilirudi Dzaleka nikapunguza mashavu, nikaongeza kandambili kwenye panja, nikaweka kamba ya kukaza kisogoni ili kofia isizunguke kichwani mtu akipigwa. Ndiyo maana nilikuwa nawalazimisha kuvaa kila mlichoshona, hata ninyi mliokuwa mnaogopa kuharibu nywele.

Kwa msimu mzima hakuna bondia wa Nsungwi aliyepelekwa kushonwa nyusi. Klabu nyingine ya Area 23 ikaniagizia, kisha nyingine. Désiré alirudi kambini na uso laini, watu wakanipongeza mimi kama niliyepigana. Lakini nilipokwenda tena kumtazama, furaha yangu ilipungua. Zamani alikuwa mtu wa kukwepa. Sasa aliingia moja kwa moja, mikono chini, akizipokea kwa kichwa ngumi ambazo kabla ya kofia yangu angezikimbia. Kocha alisema amepata ujasiri. Nilipomuuliza Spès kuhusu kile kitambaa cha machoni, alisema, "Bado, Mama. Uso njo umepona."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi wa kweli. Kilichokuwa mbele ya Désiré kilikuwa pambano la kuchagua bondia wa kwenda Blantyre. Kambi nzima ilikuwa inalisubiri. Nilimshonea kofia mpya, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya hadi wakati ule, vipande vya kandambili vimegandishwa kimoja kimoja kwa gundi ya Mzee Sylvère.

Pambano lilifanyika palepale Nsungwi, ukumbi umejaa hadi madirishani. Alianza vizuri. Kisha nikaona kofia yake imefanya uvimbe chini ya sikio, na penye panja ngozi imelegea na kukunjamana. Nikasimama nikapiga kelele, lakini nani angenisikia mle ndani? Ngumi ikaja kutoka pembeni ikampata hapohapo. Alianguka kwa magoti kwanza. Walipomwinua aliniangalia akaniuliza kwa Kirundi jambo nisilolielewa, na Mrundi aliyekuwa karibu akaniambia anauliza kama lori limeshafika.

Alilala hospitali ya mjini siku kadhaa. Muuguzi mmoja alitueleza mimi na Spès kwa upole. Alisema mfupa uko salama, lakini ubongo ulio ndani ulitikisika, na haukuwa mtikisiko wa kwanza. "Kofia inazuia ngozi isipasuke na mfupa usivunjike," alisema kwa Kiingereza chepesi, akitumia mikono. "Kilichomo ndani kinaendelea kucheza." Akasema Désiré akae mbali na ndondi. Spès aliitikia kwa kichwa kila sentensi, na nilipomwangalia usoni nikajua hajui jinsi ya kuibeba habari hiyo kambini.

Nilirudi na kofia benchini, nikaikata mbele ya Mzee Sylvère. Vipande vya kandambili vilitoka vyenyewe, vinateleza. Gundi ilikuwa imegeuka uji. Mzee alinusa. "Mafuta," alisema. Akanusa tena. "Mafuta ya kupikia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Pasta, kiongozi wa chumba chetu cha maombi, ambako mimi mwenyewe niliimba sauti ya kwanza kila Jumapili, na ambako upako ulikuwa mafuta ya kupikia. Alinipokea kwa furaha akitandika mkeka.

"Mama Pasta, ile kaske ya Désiré mliifanyia nini?"

"Tuliiombea! Spès aliileta juma lote. Tuliipaka mafuta ya upako ndani na inje. Siku ya mwisho nikamwaga chupa yote, maana vita yake ilikuwa kubwa."

Mnaweza kufikiri nilikasirika. Nilitaka kukasirika. Lakini alikuwa ameshika mikono yangu, na akina mama wa maombi walikuwa wamejinyima mafuta ya mboga juma zima kwa ajili ya kijana asiye wa kabila lao wala wa nchi yao. Nilimweleza kuwa gundi na mafuta havipatani. Akaanza kulia.

"Sasa tutafanya namna gani? Tusiombe?"

"Ombeni, Mama. Ila mafuta mumpake mwenye kichwa. Kaske muniachie mimi."

Kutoka siku hiyo sikuitegemea gundi tena. Kila kipande nilikishonea mfuko wake ndani ya kofia, nyuzi mbili, ili hata chupa kumi za mafuta zikimwagwa kisihame. Hiyo mifuko mnayoilaumu kuwa inawachelewesha ilizaliwa hapo.

Nilisema mbele ya kila mtu kuwa mafuta ndiyo yaliyolegeza kofia, na huo ulikuwa ukweli. Kocha Mbewe akaupokea kwa mikono miwili. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha: kofia iliharibika, fundi ameona kosa, fundi atengeneze nyingine, bondia arudi. Upande wa bondia aliyemshinda Désiré ulikubali pambano la marudio. Kambini watu walichangamka upya. Mafuta yalikuwa yameeleza pigo moja tu, na mimi nilikuwa nikiyafikiria yale mengine yote, yaliyopigwa kofia ikiwa imara kabisa.

Désiré alikuja kupimwa asubuhi moja, Mzee Sylvère akiwa amekwenda sokoni. Alikaa kwenye kigoda, nikamzungushia tepu kichwani, juu kidogo ya nyusi.

"Riziki anasoma darasa gani sasa, Mama?"

"La tatu. Walimu wanamlalamikia kwa maneno mengi."

Alicheka vizuri. Nikapima kutoka sikio hadi sikio. Akaniambia mahindi ya Mponela ni mabichi mwaka huu, magunia mazito. Nikapima kidevu.

"Na Riziki, anasoma darasa gani?"

Nikajibu tena, la tatu. Nilidhani ananitania. Nikazunguka nyuma kupima kisogo, na sauti yake ikaja ileile, na uchangamfu uleule wa mtu mwema anayemkumbuka mtoto wako.

"Mama, Riziki iko darasa gani?"

Nilishusha tepu. Nikaja mbele yake nikachuchumaa. Alinitazama, na ule ucheshi ukamtoka usoni taratibu.

"Nimeshauliza," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mi najua. Sikumbuke kama nimeuliza, lakini naona ku uso ya bantu. Spès anafanya hivyo hivyo. Njo nasikia haya, nanyamaza." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Kocha anasema nikipata kaske mupya itapita."

"We unasemaje?"

"Mi naogopa, Mama. Usiku nafikiri, siku moja nitaangalia batoto bangu niulize, 'Hawa ni ba nani?'" Alitazama huku na huku kuona kama kuna mtu. "Lakini siwezi kukataa. Nitasema nini ku bantu? Shampioni ameogopa ngumi? Nitapita wapi humu ndani?"

Niliikunja tepu nikaiweka mfukoni.

"Basi usikatae wewe. Nakataa mimi. Waambie Mama Riziki hataki kukushonea."

"Batauliza kwa nini."

"Waambie nina roho mbaya. Watakubali upesi, mimi Mkongomani."

Alicheka huku machozi yakishuka. Alishika mikono yangu yote miwili kwa heshima ya kwao, akainama, kisha akaondoka akitembea polepole.

Kocha Mbewe alikuja Dzaleka mwenyewe, mwisho wa safari akiwa juu ya baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, suruali imejaa vumbi na sauti ikitangulia. Alisema nimemuua bondia bora wa Lilongwe. Alisema wapo mafundi wengine. Nilimwambia awatafute. Alimgeukia Mzee Sylvère, na mzee akasema msharasi wake umevunjika, huku akiushika mkononi. Nilimrudia maneno ya muuguzi. Alisema wauguzi hawajui ndondi. Hakunisamehe kwa miaka mingi, ingawa aliendelea kuniagizia kofia za wengine, na baadaye nilisikia kwamba bondia akiumia kichwa anampumzisha kabla hajaombwa.

Kutoka siku hiyo nilipima kila kichwa mwenyewe, na kila niliyempima nilimfanya azungumze. Mlidhani ni umbeya. Nawaomba mwendelee nao, na msikilize jinsi mtu anavyouliza na anavyojibu. Mkisikia nilichosikia, wekeni tepu mfukoni, hata kama agizo limeshalipiwa.

Kambi ilinihukumu. Walisema nimemwonea kijana wivu, walisema nimetumwa na wale wa klabu nyingine, walisema Wakongomani hatupendi kuona Mrundi akipanda. Bombani, kwenye foleni ya maji, akina mama walikuwa wakiyasema hayo mgongoni kwangu kwa sauti ya kutosha. Désiré alikuwa hapo mara nyingi, na dumu lake, akiyasikia yote. Tulikuwa tumekubaliana asinitetee, naye alitimiza. Maji yangu yakijaa alitoka kwenye foleni mbele ya wote, akapoteza zamu yake, akaninyang'anya dumu, akalibeba hadi mlangoni kwangu. Alilibeba begani. Kichwani hakuwahi tena kuweka kitu, dumu wala kaske.